Taya Lisilo na Meno

Njura alikuwa na jiwe lake jikoni. Lilikuwa na umbo la tone la maji: pana chini, limechongoka juu, kali pande zote mbili. Aliliokota shamba la chini, karibu na korongo, siku moja alipokuwa akipalilia ndengu. Lilimkaa mkononi kana kwamba lilipimwa kwake. Tangu siku hiyo hakuazima shoka la mtu tena. Kila siku ya soko mumewe, Ireri, alileta mifupa ya mbuzi, na Njura aliivunja kwa jiwe hilo mpaka uboho ukatoka. Uboho ulikuwa wa mama mkwe.

Mama mkwe huyo ni Karimi. Watoto humwita Cucu, yaani nyanya, basi nasi tumwite Cucu Karimi. Hakuwa na jino hata moja kinywani. Githeri ya mahindi na maharagwe hakuiweza, mahindi ya kuchoma hata kuyatazama alikataa. Chakula chake chote Njura alikiponda kwanza.

"Mwanangu, mimi meno yangu ni wewe," Cucu Karimi alipenda kusema. "Siku ukikasirika nitakufa njaa."

"Basi usinikasirishe, Mama," Njura humjibu, na wote wawili hucheka.

Waliishi chini huku Mbeere, sehemu ya Embu yenye joto na mvua ya kubahatisha. Njura alizaliwa juu kule Kianjokoma, kwenye chai na ukungu. Alipoolewa, dada zake walimtania: "Unaenda kuolewa na jua?" Alienda, na jua akalizoea. Shida ya maji ndiyo hakuizoea. Kila kiangazi alitembea hadi mtoni na mtungi mgongoni, na mto wenyewe ulibaki madimbwi ya kugombania na ng'ombe.

Mwaka huu Ireri akasema imetosha. "Tutachimba silanga, bwawa letu wenyewe. Mvua ikinyesha, maji ya mlima yaingie kwetu yakae, yasipite tu kwenda mto Tana."

Mahali pazuri pa silanga palikuwa shamba la chini. Na shamba hilo lilikuwa na kisa chake.

Ireri alikuwa na ndugu mdogo, Njuki. Njuki alikuwa kijana mcheshi, kipenzi cha mama yake, tena mwenye meno ya kufungulia soda. Aliitaka sehemu yake ya shamba la chini aiuze aende zake mjini. Ireri alikataa. Wakati huo Njura alikuwa bibi arusi, mimba ya kwanza ikiwa tumboni. Alikuwa jikoni alipowasikia wakifokeana uani. Sauti ya Ireri ilikuja juu: "Nenda. Na ukirudi hapa kuuza udongo wa baba, nitakuzika humo humo."

Njuki alibeba begi lake jioni hiyo. Hakuonekana tena. Simu yake haikuingia, wala hakuna aliyemwona Embu mjini, wala Meru, wala Nairobi. Munene, mtoto aliyekuwa tumboni, sasa anakaribia kumaliza shule ya msingi. Na kila jioni Cucu Karimi bado hutenga sahani moja, huifunika, na kuketi mlangoni akitazama njia.

Basi siku hiyo Ireri alikuwa shimoni akichimba, na Njura akibeba udongo kwa karai. Shimo lilikuwa limefika kifuani. Udongo wa juu ulikuwa mwekundu. Chini yake kukawa na mkanda mweupe, kama jivu. Chini ya mkanda huo udongo ukawa mgumu, wa kijivu, na jembe likaanza kulia.

Likalia sauti nyingine. Ireri akainama.

"Nini?" Njura akauliza.

Ireri aliweka jembe kando. Alipangusa kwa kiganja. Kitu cha kahawia kikatokea, cha mviringo kama kibuyu. Njura akadhani ni jiwe. Ireri akapangusa tena, na tundu likajitokeza, kisha tundu la pili kando yake. Yalikuwa matundu ya macho.

Karai lilimponyoka Njura likabingirika hadi chini. Alimtazama mumewe, akaona damu imemwisha usoni.

Ndipo Ireri alipotoka shimoni, akachukua koleo, akaanza kurudisha udongo.

"Baba Munene, unafanya nini?"

"Nafukia."

"Huyo ni mtu."

"Najua ni mtu." Koleo halikusimama. "Hujaona kitu. Umenisikia? Mama asijue. Mama asijue kabisa."

Njura alimsikia. Lakini ndani ya masikio yake alisikia pia sauti nyingine, ile ya zamani, kutoka uani. Nitakuzika humo humo. Akaketi juu ya lundo la udongo, akamwangalia mwanamume aliyezaa naye watoto akifukia kichwa cha mtu.

Jioni hiyo Cucu Karimi alitenga sahani yake kama kawaida. "Leo ndengu zimeiva vizuri," alisema. "Njuki anapenda ndengu."

Ireri akainuka, akatoka nje bila kula. Njura alibaki amekishika kijiko. Mikono ile ya Ireri ndiyo iliyomfunga mtoto wake kamba za viatu asubuhi. Je, ilikuwa imefanya nini kingine? Aliona haya kuwaza hivyo. Aliwaza hivyo hata hivyo. Na aliogopa kulala karibu naye, akasema mtoto mdogo ana homa, akalala na watoto.

Asubuhi alibeba mtungi kama anakwenda mtoni. Penye njia panda alisimama. Akisema, huenda mumewe akafungwa. Asiposema, kila jioni ataitazama sahani ile, na yeye anajua. Hilo la pili ndilo lililomshinda. Alipiga moyo konde, akashika njia ya ofisi ya Muchangi, naibu wa chifu.

Muchangi alikuwa akifungua dirisha. Alimkaribisha, akamsikiliza mpaka mwisho.

"Una hakika ni mfupa wa mtu?"

"Nimeona macho. Mahali pa macho."

"Mzee anajua umekuja?"

"Hajui."

Muchangi alivuta pumzi. "Mama Munene, umefanya kitu kigumu. Lakini umefanya sawa. Mfupa wa mtu ukipatikana, haufukiwi kimyakimya. Hauhamishwi, hauoshwi, hauchomwi. Unaacha kuchimba, unafunika, unaleta habari. Iwe ni wa jana, iwe ni wa zamani, sheria inataka hivyo."

Yeye mwenyewe aliwapigia polisi. Kabla ya saa sita, askari wawili walikuwa shambani wakifukua polepole, na kijiji kizima kilikuwa kimejaa ukingoni. Ireri alisimama peke yake. Hakuna aliyemkaribia.

Alimtazama mkewe. "Ni wewe?"

"Ni mimi," Njura akasema.

Ireri akatikisa kichwa kama mtu aliyepewa habari ya msiba.

Jirani yao Ndambiri hakuwa mtu wa kunyamaza. "Kwani Njuki alipotea akitokea wapi?" aliuliza kwa sauti ya kusikika na wote. "Si hapa hapa? Mnakumbuka ugomvi wao? Sasa mifupa imejitoa yenyewe. Hapa kuna mugiro. Huyu ameshika maiti kwa mikono, na asiingie kwa mtu kabla mbuzi hajachinjwa, atuletee mkosi." Watu kadhaa wakarudi nyuma hatua moja. Mugiro ni unajisi wa kugusa maiti, na huku kwetu hata anayekwenda kanisani kila Jumapili huuogopa.

Ndipo umati ukagawanyika. Cucu Karimi alikuwa anakuja na fimbo yake. Nani alimwambia, haikujulikana. Alifika ukingoni, akatazama chini. Fuvu lilikuwa nusu nje.

"Mwanangu," alisema, taratibu tu, kama anayemwamsha mtu. Kisha akaketi pale pale kwenye vumbi. Baada ya muda akageuza uso. "Ireri. Ulimfanya nini ndugu yako?"

Umati ukamgeukia Ireri.

"Mama, mimi sijui," Ireri akajibu.

"Kama hujui, kwa nini ulifukia?" askari mmoja akauliza.

Ireri alimtazama mama yake. Alifungua kinywa, akakifunga. Hakujibu, na wote walioona walilichukua hilo kuwa jibu. Askari huyo akamwambia aandamane naye kituoni akaandike maelezo. Alikwenda bila kushikwa. Njura alitamani ardhi immeze.

Kijipande cha mfupa kilikuwa kimevunjika jembe lilipogonga. Muchangi alichuchumaa akakitazama bila kukigusa. Alikunja uso.

"Afande, hebu tazama hapa palipovunjika," alimwambia askari aliyebaki kulinda shimo. "Ndani si mfupa. Ni jiwe."

"Jiwe?"

"Watu wa makumbusho walikuja barazani mwaka juzi. Walisema mfupa ukikaa ardhini miaka mingi mno hugeuka jiwe. Msiendelee kuchimba. Niwapigie simu."

Usiku huo Cucu Karimi hakula. Hakutenga sahani pia. Kwa Njura hilo la sahani lilikuwa baya zaidi.

Kesho yake asubuhi aliwasili mwanamke wa makamo mwenye kofia ya jua na buti za vumbi. Jina lake Gatwiri, mtafiti wa mambo ya kale, mzaliwa wa Meru upande wa Kaaga. Aliwasalimia kwa Kimeru, wakamjibu kwa Kimbeere, wakaelewana vizuri tu. Kisha akaingia shimoni na brashi ndogo kama ya kupakia rangi.

Njura alikaa ukingoni roho juu. Alimsoma usoni. Gatwiri alipangusa, akapuliza, akasogeza kichwa chake huku na huku.

"Nani anaitwa Njuki?" hatimaye aliuliza. "Nimesikia jina hilo tangu nishuke garini."

"Shemeji yangu," Njura akasema. "Alipotea."

"Alikuwa na umri gani?"

"Kijana. Hata ndevu hazikuwa zimejaa."

"Meno yake?"

Njura alishangaa. "Meno yote. Alifungua soda kwa meno."

"Njoo shuka hapa. Usikanyage upande ule." Njura akashuka. Gatwiri akanyoosha kidole kwenye ukuta wa shimo. "Unaona huu mkanda mweupe? Hili ni jivu. Mlima wa moto ulilitapika zamani sana, likaanguka hapa, udongo ukalifunika. Mtu akichimba kaburi, analikata jivu hili. Sasa tazama juu ya taya lake hili, lililo bado ukutani. Mumeo hakufika hapa na jembe, ukuta ni mzima. Jivu limekatwa?"

Njura alitazama. Mkanda ulipita juu ya taya umenyooka, haukuvunjika popote. "Halijakatwa."

"Basi huyu alikuwa hapa kabla ya jivu kuanguka. Kabla ya mumeo, kabla ya babu yake, kabla ya watu wote unaowajua kwa jina. Tazama na nyusi zake, huu mfupa mnene juu ya macho. Mimi na wewe hatuna. Na taya lenyewe halina jino." Alimshika Njura bega. "Huyu si Njuki, Mama. Sikiliza vizuri. Huyu si Njuki."

Njura hakujua kama anacheka au analia. Kilichotoka ni vyote viwili. Kisha jambo jingine likampiga kifuani: basi Ireri hakufanya kitu. Na yeye, mkewe, alikuwa amelala mbali naye kama anayemkimbia nyoka.

Alipanda shimo kwa magoti, akaenda mbio nyumbani. Cucu Karimi alikuwa amelala ametazama ukuta.

"Mama, si Njuki. Mgeni amesema. Ni mtu wa zamani sana."

"Unamkinga mumeo," Cucu Karimi akasema, bila kugeuka.

"Mama, haki ya Mungu."

"Niache."

Njura alisimama pale, mikono haijui iende wapi. Alikwenda jikoni akafanya alilolijua. Alichukua mfupa wa mbuzi uliobaki wa soko, akauweka juu ya jiwe bapa, akaanza kugonga kwa jiwe lake atoe uboho. Labda mama atakunywa hata supu.

"Simama."

Gatwiri alikuwa mlangoni. Uso wake ulikuwa umebadilika kabisa. Huyu mtu aliyelitazama fuvu bila kupepesa macho, sasa alikuwa ameshika mwimo wa mlango.

"Tafadhali usigonge tena. Hilo jiwe ulilitoa wapi?"

"Hili? Shamba la chini. Kwani lina nini?"

"Umelitumia muda gani?"

"Miaka. Mifupa nitavunja na nini?"

Gatwiri alilipokea kwa mikono miwili, kama anayepewa mtoto mchanga. Alikaa kwenye kigoda, akaligeuza kwenye mwanga. "Ona hapa. Na hapa. Haya makovu madogo madogo ukingoni. Jiwe halijichongi hivi. Mtu alikaa chini, akagonga upande huu, akaligeuza, akagonga na upande wa pili, mpaka likatoka na ukali pande zote. Hili ni shoka la mkononi, Mama Munene. Mawe ya namna hii yamepatikana sehemu nyingi za Kenya. Mengine yana umri wa zaidi ya miaka milioni moja."

Njura alisikia neno milioni, lakini kichwa kilikataa kulibeba. Gatwiri akaona.

"Mtaje mama yako," alisema. "Kisha mama yake. Kisha mama wa huyo. Uwataje mmoja mmoja, haraka haraka bila kupumzika, tangu asubuhi. Jua litatua kabla hujafika kwa watu wa enzi hizo."

Njura akatazama viganja vyake. Miaka yote hiyo alikuwa akishika kitu kilichoshikwa na mtu wa enzi hizo. "Nao walilitumia kwa kazi gani?" aliuliza, sauti ndogo.

"Kazi hiyo hiyo. Walikata nyama, walichuna ngozi, walichimba mizizi, na walivunja mifupa watoe uboho. Tunajua kwa sababu mifupa ya wanyama tunayoikuta pamoja na mawe haya ina alama za kukatwa na kugongwa."

Kutoka chumba cha pili sauti ikaja. "Uboho?"

Cucu Karimi alikuwa amesimama mlangoni, fimbo mkononi. Njura akamletea kigoda kingine. Mzee akaketi, akamtazama mgeni kwa ukali.

"Wewe msichana wa Meru. Umesema huyo wa shimoni hana meno."

"Hana, Cucu."

"Basi wamemng'oa waliochimba."

"Hapana. Meno yaking'oka baada ya mtu kufa, matundu hubaki wazi. Ya huyu yameziba kabisa, mfupa umeota juu yake. Mfupa hauoti kwa siku moja. Alipoteza meno, na akaendelea kuishi muda mrefu."

Cucu Karimi alijishika kidevu. Ulimi wake ulipita juu ya fizi zake, na alipofanya hivyo Njura aliona macho yake yamebadilika.

"Aliishi wapi? Walikuwa na nyumba?"

"Hatujaona nyumba kama zetu. Walikaa karibu na maji. Korongo lenu hili pengine lilikuwa mto wenye miti. Mchana walitafuta chakula: matunda, mizizi, asali, mayai, nyama wakibahatika. Nyama nyingine pengine waliigombania na fisi. Walitembea pamoja, kwa sababu aliyebaki nyuma peke yake aliliwa."

"Walipika?"

"Wengine baadaye sana waliutawala moto. Hawa wa mapema, wasomi bado wanabishana. Siwezi kukudanganya."

"Waliomba Mungu?"

"Sijui, Cucu. Mfupa hausemi kila kitu."

Mzee akatikisa kichwa, jibu lilimridhisha. "Sasa niambie. Hakuna sufuria. Labda hakuna moto. Kuna fisi. Na huyu hana jino. Alikula nini mpaka mfupa ukaota?"

Gatwiri alitabasamu kwa mara ya kwanza. "Hilo ndilo swali lenyewe. Katika nchi ya mbali iitwayo Georgia lilipatikana fuvu la mzee wa aina hii, la kale sana, hana meno, na matundu yameziba vivyo hivyo. Hatuna hakika. Labda alikula vitu laini tu, akajitafutia. Lakini wasomi wengi wanaona kwamba kuna mtu aliyemsaidia. Kuna mtu aliyempondea chakula. Aliyemvunjia mfupa akampa uboho."

Cucu Karimi alitazama mfupa wa mbuzi uliokuwa nusu umevunjika. Akatazama jiwe mikononi mwa mgeni. Kisha akamtazama Njura, muda mrefu, na machozi yakamtiririka kwenye mikunjo ya uso.

"Kwa hiyo si Njuki," alisema.

"Si Njuki, Mama."

"Basi nipe hiyo supu."

Alasiri Muchangi alimleta Ireri nyumbani. Polisi walikuwa wamepata maelezo ya Gatwiri, wakamwachilia. Aliingia uani akasimama kama mgeni. Cucu Karimi akamwita amkaribie.

"Nilikushutumu mbele za watu," mzee alisema. "Nisamehe. Lakini niambie jambo moja. Kama hukumfanya kitu, kwa nini ulifukia?"

Ireri alipiga magoti mbele yake. Mwanamume mzima, mwenye mvi za kwanza. "Nilidhani ni yeye, Mama. Nilidhani aliniogopa kwa maneno yale, akazunguka korongoni gizani, akaanguka, udongo ukamfunika. Nikasema, mama akijua, atazika. Lakini akiwa anangoja, bado ana mtoto. Kila jioni bado ana mtoto. Nikaona heri ungoje."

Njura alikuwa mlangoni mwa jiko. Maneno hayo yalimwingia kama maji baridi. Alikuwa amefikiria kila jambo baya usiku kucha, na hili hakulifikiria hata mara moja.

Baadaye alimfuata nyuma ya zizi la mbuzi.

"Nilikuogopa," alimwambia. "Nisamehe."

"Niliona." Ireri aliendelea kufunga kamba. "Ulisema mtoto ana homa. Hakuwa na homa."

"Hakuwa nayo."

"Kwenda kwa Muchangi ulifanya vizuri. Ningefukia, na huyo wa kale angepotea, na mimi ningebaki muuaji kichwani mwangu hadi kufa. Kwa hilo nakushukuru. Lakini lile lingine, Mama Munene, nipe muda."

Njura akampa muda. Hakuwa na kingine cha kumpa.

Kazi ya shimoni iliendelea. Wenzake Gatwiri walikuja wakapiga kamba, wakapima, wakachukua sampuli za jivu waende wakajue umri. Walitumia brashi na vijiti pale ambapo Ireri alitumia jembe. Walipata mashoka mengine ya mkononi na mifupa ya swala yenye alama za kukatwa. Shamba lilibaki la familia, lakini vitu vyenyewe, Gatwiri alieleza, ni mali ya nchi nzima. Haviuzwi, havifichwi nyumbani. Naye Njura alilipeleka jiwe lake mwenyewe hadi garini. Alilikabidhi polepole.

Silanga walichimba upande wa juu, mahali ambapo Gatwiri alikagua kwanza akasema hapana kitu. Safari hii majirani walikuja kusaidia, hata Ndambiri, ambaye alichimba zaidi ya wote na kuongea kidogo kuliko wote. Mvua za vuli ziliponyesha, maji yaliingia yakakaa. Mtungi wa Njura sasa ulijaa hatua chache kutoka mlangoni.

Muchangi aliitisha baraza akamwomba Njura aseme machache. Alisimama akishika khanga yake.

"Mimi si msomi," alisema. "Lakini mkichimba choo, kisima, msingi wa nyumba, mkaona mfupa au jiwe lililochongwa, acheni jembe. Msifukie, msichinje mbuzi, msiligeuze la jikoni kama mimi. Funikeni na turubai, mwambieni naibu wa chifu. Na mkimwona mtu anaficha kitu," hapo alitupa macho nyuma ya umati, "muulizeni kwanza anaficha kwa ajili ya nani."

Ireri alikuwa amekaa mstari wa nyuma. Watu walipopiga makofi, naye alipiga.

Siku ya soko iliyofuata alirudi na mifupa ya mbuzi kama zamani. Lakini safari hii alikuwa na kitu kingine kwenye mfuko wa koti. Kilikuwa jiwe la mtoni, jeusi, zito, lililolainishwa na maji. Aliliweka mbele ya Njura jikoni.

"Nimepita mtoni. Nimejaribu mengi," alisema, akitazama pembeni. "Hebu lishike."

Njura akalishika. Akaligeuza. "Ni zuri. Lakini halikai mkononi kama lile."

"Haliwezi," Cucu Karimi akasema kutoka mlangoni. Alikuwa ametenga sahani ya Njuki na kuifunika, naye ameketi mahali pake akitazama njia. "Lile lilitengenezewa mkwe wa yule mwingine asiye na meno. Haya, gonga, nina njaa."